Mgonjwa Mwenye Mwili Mkubwa Akipasuliwa Tumbo: Mashine Humpumulia Vipi?

Tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya matangi ya maji, na habari hizo zitakuja. Leo tumeona heri tujibu swali lililoletwa ofisini kwetu na kikundi kimoja cha akina mama, manake swali lenyewe liligusa pesa, likagusa uhai wa mtu, na nusura livunje kikundi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenzao mmoja, mama wa miaka 48, alikuwa na ngiri ya kitovu. Kila akiinua mtungi au akikohoa, ngiri inatokeza kama yai. Mama huyu alikuwa na kilo 115, na urefu wake ni sentimita 160. Kikundi kilichangisha pesa za upasuaji, wengine wakauza kuku. Walipompeleka hospitali ya kaunti hawakumpasua siku hiyo. Walimpima uzito, urefu, presha, sukari, na hata shingo yake kwa utepe kama wa fundi cherehani. Wakamwuliza kama anakoroma usiku. Kisha wakampa dawa za presha na kumwambia arudi baada ya wiki sita.

Mama akarudi nyumbani analia. Alidhani amedharauliwa kwa sababu ya mwili wake. Siku chache baadaye, kliniki moja ya kibinafsi ikamwambia: "Leta pesa Ijumaa, Jumamosi uko nyumbani kwako." Huko hawakumpima urefu. Uzito waliukadiria kwa macho tu. Basi kikundi kikagawanyika nusu kwa nusu. Wengine wakasema kliniki ndiyo yenye huruma, hospitali ni ya maringo. Wengine wakasema tungoje. Mwekahazina akafunga kisanduku na kuja kwetu.

Sisi si madaktari. Kazi yetu ni maendeleo ya jamii, na hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Tulikwenda kumwona muuguzi aliyesomea kazi ya nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, naye akatuketisha saa nzima, akachora mapafu nyuma ya bahasha kuukuu. Mengi ya hapa chini tuliyapata kwake, mengine tuliyasoma baadaye katika matokeo ya utafiti. Kumbe ule utepe wa shingoni haukuwa dharau hata kidogo.

TUMBO LINAPOSUKUMA JUU

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Humo ndimo oksijeni huingia katika damu. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo, unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka kama mtu anayevuta mpini wa pampu, kifua hupanuka, hewa huingia yenyewe.

Sasa mlaze mtu chali. Matumbo husukuma kiwambo kuelekea kichwani. Kwa mtu mwembamba si neno kubwa. Lakini kwa mtu mwenye tumbo zito, mzigo wote ule hukaa juu ya mapafu, hasa sehemu za chini zilizo karibu na mgongo. Ndiyo sababu watu wengi wanene hawapendi kulala chali hata nyumbani. Hutaka mito miwili au mitatu.

Halafu dawa ya usingizi inaingia. Misuli hulegea. Daktari akitaka kupasua tumbo huhitaji misuli ya tumbo ilegee kabisa, kwa hiyo huongezwa dawa ya kulegeza, na kiwambo nacho hulegea. Sasa hakuna wa kuuzuia ule mzigo. Ndani ya dakika chache tu, vifuko vya hewa vya sehemu za chini huanza kujifunga, kuta zake zikigusana. Jambo hili huwapata wagonjwa wengi wa nusukaputi, hata wembamba, lakini kwa mnene huwa kubwa zaidi na huchukua muda mrefu zaidi kuisha baada ya upasuaji. Damu inayopita penye vifuko vilivyofungwa hurudi moyoni bila oksijeni. Vikibaki vimefungwa, makohozi hukwama, na nimonia hupata mlango.

Katika upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera, tumbo hujazwa gesi ili daktari aone vizuri. Gesi hiyo nayo husukuma kiwambo juu. Na kama ni upasuaji wa nyonga, pengine kitanda huinamishwa kichwa chini. Hebu fikiria mama wa kilo 115 katika hali hiyo.

SISI HUVUTA, MASHINE HUSUKUMA

Kwa kuwa misuli imelala, mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe. Bomba jembamba hupitishwa mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na mashine inapumua kwa niaba yake. Lakini kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui. Wewe na mimi tunavuta hewa. Mashine husukuma hewa. Na kitu kinachosukumwa kinaweza kupasua.

Vifuko vya hewa ni vyororo. Ukisukuma hewa nyingi mno vinanyooshwa kupita kiasi na kuumia. Na tukumbuke kwamba vingine vimekwisha kujifunga, hivyo hewa yote huenda kwenye vile vichache vilivyo wazi, ikivilemea. Tena, vile vilivyojifunga vikifunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, kila pumzi, vinachubuka. Kwa hiyo anayeshika mashine ana maswali mawili: nisukume hewa kiasi gani, na nifanye nini ili vifuko visijifunge?

KIPIMO NI UREFU, SI UZITO

Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini kutopima urefu ni kosa kubwa.

Mtu akinenepa, mapafu yake hayakui. Nyumba ya vyumba viwili ukiijaza magunia ya mahindi haigeuki kuwa ya vyumba vitatu. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu wa mtu, na kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo wataalamu hukadiria uzito ambao mtu wa urefu ule angetarajiwa kuwa nao, na kutumia huo kupimia pumzi. Kwa wanawake huanza na 45.5, kisha huongeza 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4. Kwa wanaume huanza na 50, na nyongeza ni ile ile.

Tulipiga hesabu ya mama yetu. Urefu 160 ukiondoa 152.4 unabaki 7.6. Mara 0.91 ni karibu 6.9. Jumlisha na 45.5, unapata kilo 52 na nukta. Siku hizi mashine huwekwa mililita 6 hadi 8 kwa kila kilo ya hesabu hiyo. Tukichukua 7, pumzi moja ya mama huyu ni mililita 365 hivi, yaani chupa moja ya soda ya 300 na zaidi kidogo.

Sasa mtu akifuata mizani tu, achukue kilo 115 mara 8, atapata mililita 920. Hizo ni karibu chupa tatu za soda zinazosukumwa kwa nguvu ndani ya mapafu ya chupa moja, mara kumi na kitu kwa dakika, kwa saa mbili. Mwekahazina wetu aliposikia hesabu hii alinyamaza kabisa.

Zamani, hata katika nchi tajiri, pumzi kubwa za mililita 10 hadi 12 kwa kilo zilikuwa jambo la kawaida katika vyumba vya upasuaji. Watu waliamini pumzi kubwa huzuia vifuko kujifunga. Mwaka 2013 madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 400 waliopasuliwa tumbo. Nusu walipewa pumzi kubwa za mtindo wa zamani. Nusu walipewa pumzi ndogo za 6 hadi 8, pamoja na shinikizo dogo la kuweka mapafu wazi na pumzi ndefu ya kuyafungua kila baada ya nusu saa. Katika siku saba za kwanza, matatizo makubwa yaliwapata asilimia 27.5 ya kundi la kwanza, na asilimia 10.5 ya kundi la pili. Utafiti huo haukuwa wa watu wanene hasa, lakini baada ya hapo hoja ya kutetea pumzi kubwa ilidhoofika sana.

MRIJA NDANI YA SUFURIA

Lile shinikizo la kuweka mapafu wazi ndilo lililotuchukua muda kuelewa. Yule muuguzi alitukumbusha mifuko ya plastiki ya dukani, ile iliyopigwa marufuku hapa Kenya mwaka 2017. Mpya ilikuwa imegandana, ukiisugua weee mpaka ifunguke. Lakini ukiacha hewa kidogo ndani isifunge kabisa, mara ya pili haikusumbui. Mashine nayo huachwa isiruhusu hewa yote itoke. Mwisho wa kila pumzi, hewa kidogo hubaki ikiviegemeza vifuko.

Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua mrija, uutumbukize sentimita 5 ndani ya sufuria ya maji, kisha upulize. Nguvu ya kufanya mapovu yaanze kutoka ndiyo sentimita 5. Utumbukize 12 uone tofauti.

Mtu wa kawaida angesema: kama tumbo la mnene linasukuma sana, basi mashine nayo isukume sana. Tulisema hivyo hivyo. Madaktari wengi pia walifikiri hivyo, na wakaamua kuhakikisha. Matokeo yalitolewa mwaka 2019, baada ya kuwafuatilia wagonjwa karibu 2,000 katika nchi 23, wote wanene wa kutosha. (Kipimo chao kilikuwa 35 na zaidi, ukigawanya kilo kwa urefu wa mita, halafu ugawanye tena kwa urefu ule ule. Mama yetu ana 45 hivi.) Wote walipewa pumzi ndogo ya 7 kwa kilo. Kundi moja liliwekewa shinikizo la sentimita 12 pamoja na pumzi ndefu za kufungua mapafu, kundi lingine sentimita 4 tu. Matatizo ya mapafu baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 21.3 kwa kundi la juu na 23.6 kwa kundi la chini. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitegemea.

Faida moja ilionekana: wakati wa upasuaji wenyewe, oksijeni iliwashuka watu wachache zaidi katika kundi la shinikizo la juu. Lakini presha ya damu iliwashuka wengi zaidi. Sababu si ngumu. Kifua kikijaa shinikizo, damu inayorudi moyoni hubanwa, kama mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia shamba. Kwa hiyo hakuna namba moja ya kumfaa kila mnene. Anayeshika mashine huanza na shinikizo la wastani, akaangalia oksijeni, akaangalia presha, akapandisha au kushusha. Na kwa maoni yetu hapo ndipo pesa ya kikundi inapotakiwa kwenda, kwa mtu anayejua kuangalia. Mashine nzuri isiyo na mtu wa kuiangalia ni kama trekta bila dereva.

DAKIKA ZA KWANZA

Hatari kubwa kuliko zote, tuliambiwa, haiko katikati ya upasuaji. Iko mwanzoni, kati ya kulala kwa mgonjwa na kuingia kwa bomba. Katika muda huo hapumui. Anaishi kwa akiba ya oksijeni iliyo ndani ya mapafu. Mtu mzima mwenye afya na mwili wa kawaida, akijazwa oksijeni vizuri kwanza, anaweza kukaa dakika 8 hivi kabla oksijeni ya damu haijashuka vibaya. Mtu mnene sana anaweza kuwa na chini ya dakika 3. Akiba yake ni ndogo na mwili wake unatumia zaidi. Na kumwingizia bomba pengine ni vigumu, hasa kama shingo ni nene.

Ndiyo maana hawamlazi bapa. Humwinulia mabega na kichwa kwa shuka zilizokunjwa na mito, mpaka tundu la sikio liwe sawa na kifua kikitazamwa kutoka upande. Kisha humwekea kifuniko cha oksijeni usoni na kumwambia avute pumzi kwa dakika tatu au zaidi. Mgonjwa asikiondoe kwa hofu. Wengi hudhani kinawaziba pumzi.

Na hapa tuseme wazi jambo la uji. Ukiambiwa usile kwa saa 6, usile. Tumesikia jamaa wanaopenyeza uji asubuhi kwa kuhurumia. Uji ule ukipanda kutoka tumboni wakati misuli imelegea, huingia mapafuni, na hapo hakuna shinikizo wala hesabu itakayosaidia. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, lakini fuateni mlivyoambiwa na wahudumu wenu.

Tusisahau pia kwamba si kila upasuaji unahitaji mashine. Akina mama wengi wanaopasuliwa kujifungua hupigwa sindano ya mgongo, wakabaki macho na kupumua wenyewe. Kwa mtu mnene njia hiyo, inapowezekana, mara nyingi ni nafuu, ingawa kuupata uti wa mgongo huwa kazi. Ulizeni. Si kosa kuuliza.

KUKOROMA NA UTEPE WA SHINGONI

Baadhi ya watu wanene hukatika pumzi wakiwa usingizini. Hukoroma, kisha kimya, kisha hushtuka wakivuta hewa kwa nguvu. Mchana wanasinzia hata kwenye mkutano wa kikundi, nasi tunawacheka. Koo lao hujifunga wakilala. Dawa ya usingizi, na hata dawa kali za maumivu baada ya upasuaji, huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo anayeuliza habari za kukoroma, uchovu, presha, na kupima kama shingo inazidi sentimita 40 anatafuta kujua nani wa kulindwa zaidi usiku wa kwanza. Mume au binti anayelala karibu ndiye shahidi bora, manake mwenyewe hajisikii. Aende naye siku ya kupimwa, aseme ukweli bila aibu.

Jambo hili si la mtu mmoja mmoja tena. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Kenya wa umri wa kuzaa, 33 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Angalieni waliokaa mkutanoni kwenu muhesabu.

KIKUNDI KIULIZE NINI?

Kabla ya kulipa, mwenyekiti au mwekahazina aende na mgonjwa, aulize nani hasa atakayempa dawa ya usingizi, na kama atakaa naye mwanzo hadi mwisho au ni yule yule anayepasua. Aulize kama kuna kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni, na kama kuna oksijeni ya akiba stima ikipotea. Aulize usiku wa kwanza mgonjwa atalala wapi na nani atamwangalia. Kama hawakumpima urefu, waulizeni watajuaje kipimo cha pumzi. Mtu anayejua kazi yake hatakasirika. Mkijibiwa kwa ukali, chukueni pesa zenu mwende. Na kwa habari ya malipo, hakikisheni mgonjwa amejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ya kuuza mbuzi.

Lakini kuna hali ya kutongoja. Ngiri ikiwa ngumu, ikiuma sana, isirudi ndani, na mgonjwa akitapika, hiyo ni dharura ya siku ile ile. Pelekeni hospitali mara moja, hayo ya wiki sita yasahaulike.

Na mgonjwa mwenyewe ana kazi. Anayevuta sigara aache angalau wiki nne kabla. Baada ya upasuaji aketi, asilale bapa. Avute pumzi ndefu, akohoe huku amekumbatia mto juu ya kidonda, ashuke kitandani mapema kadiri wahudumu wanavyoruhusu. Bila haya, vifuko vilivyofunguliwa na mashine hujifunga tena wodini.

Mama wetu alingoja. Kikundi kilipiga kura, 14 kwa 9. Alimeza dawa za presha wiki zote sita, na alipasuliwa hospitali ya kaunti. Waliporudisha pumzi yake, walimngoja aamke kabisa, akiwa ameinuliwa nusu kukaa, ndipo wakatoa bomba. Usiku ule dada yake, kwa upendo, aliteremsha kitanda ili alale vizuri. Kidude cha kidoleni kikaanza kulia, oksijeni inashuka. Muuguzi wa zamu akaja mbio, akainua kitanda, akamwambia mama avute pumzi kumi ndefu, na namba zikapanda. Dada alikaa macho mpaka asubuhi, mkono kwenye nguzo ya kitanda. Siku ya tano walikuwa nyumbani, na wale 9 waliopinga ndio waliopeleka kuni.